Naomi Shaban: Miaka 20 bungeni, lami ilifika Taveta lakini ardhi haikufika

MSAFIRI anayeondoka Voi kuelekea Taveta siku hizi huenda juu ya lami mwanzo hadi mwisho, na asipokwama nyuma ya malori ya mizigo ya Tanzania atafika kwa muda usiozidi saa mbili. Mwaka wa 2002, Dkt Naomi Shaban alipoomba kura kwa mara ya kwanza, mambo hayakuwa hivyo. Lami iliishia upande wa Mwatate, na sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, katikati ya mbuga ya Tsavo Magharibi ambako gari likiharibika jioni abiria hawakuthubutu kushuka.

Barabara hiyo ndiyo alama inayoonekana waziwazi zaidi ya kipindi ambacho mwanasiasa huyo aliiwakilisha Taveta bungeni, tangu Desemba 2002 hadi Agosti 2022. Vipindi vinne mfululizo si jambo dogo katika kaunti ambayo wapigakura wake wana sifa ya kuwarudisha wabunge nyumbani mapema. Katika muda huo huo, Voi ilibadilisha wabunge mara mbili, Wundanyi mara mbili, na Mwatate mara mbili.

Hata hivyo, anayefika mwisho wa lami hiyo na kuuliza shamba hili ni la nani na lile ni la nani, atakuta maswali yaliyokuwapo kabla Dkt Shaban hajaingia katika siasa. Makala haya yanaangalia ni nini kilichomwezesha kudumu, na ni kwa nini suala la ardhi, ambalo kila mwaniaji wa kiti cha Taveta hulibeba jukwaani, lilimshinda yeye kama lilivyowashinda waliomtangulia.

Dkt Shaban ni daktari wa meno aliyesomea Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliingia katika kinyang'anyiro cha 2002 kwa tiketi ya KANU, wakati ambapo kubeba bendera ya jogoo katika sehemu nyingi za nchi kulikuwa sawa na kutafuta kushindwa. Wimbi la NARC lilikuwa limeinyanyua jina la Mwai Kibaki kutoka Mombasa hadi Busia. KANU, iliyokuwa imetawala kwa karibu miaka 40, iliambulia viti 64 pekee kati ya 210 vilivyopiganiwa.

Taita Taveta haikufuata mkondo mmoja. Voi ilimchagua Boniface Mganga, mwanamuziki ambaye Wakenya walimfahamu kwanza kama kiongozi wa kwaya ya taifa ya Muungano. Wundanyi ilimtuma bungeni Mwandawiro Mghanga wa Ford-People, aliyekuwa kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na aliyeonja jela ya utawala wa Daniel arap Moi kabla ya kwenda uhamishoni Sweden. Mwatate ilibaki na Meja mstaafu Marsden Madoka wa KANU, aliyekuwa waziri katika serikali iliyokuwa ikiondoka. Taveta nayo ikamchagua daktari wa meno wa chama kilichoshindwa.

Kwa nini KANU? Kuna wanaosema kwamba Taveta ilichelewa tu kuyapokea mabadiliko. Maelezo hayo hayatoshi. Jamii ya Wataveta ni ndogo kwa idadi, imebanwa na mpaka wa Tanzania upande mmoja, mbuga upande wa pili, na mashamba ya mkonge katikati. Katika mahali kama hapo, serikali ndiyo mwenye mbuga, ndiyo mwenye askari wa mpakani, na ndiyo pekee inayoweza kununua shamba la tajiri na kuligawia maskwota. Mtu wa namna hiyo hapigi kura kwa ajili ya falsafa ya chama. Hutafuta mtu atakayefunguliwa mlango wa ofisi ya Nairobi. Hesabu hiyo, ipendeze au isipendeze, ndiyo iliyoongoza siasa za Taveta kwa miaka mingi.

Hapa inafaa kurudi nyuma kidogo, kwa sababu bila historia ya ardhi ya Taveta maisha ya kisiasa ya Dkt Shaban hayaeleweki.

Mnamo 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walianza kujenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi ili kuwakabili Wajerumani ambao walikuwa wameiteka Taveta mnamo Agosti 1914. Vita vilipoisha, reli ikabaki, na ardhi tambarare yenye chemchemi za maji yatokayo Kilimanjaro ikawavutia walowezi. Maarufu kuliko wote alikuwa Ewart Grogan, Mwingereza aliyejipatia eneo kubwa, akapanda mkonge na kujijengea juu ya kilima nyumba ambayo hadi leo huitwa kasri la Grogan. Baadaye sehemu kubwa ya mashamba hayo ilipita mikononi mwa familia ya Criticos. Shamba la Gicheha, linalofahamika kuwa la familia ya rais wa kwanza, Mzee Jomo Kenyatta, nalo liko huko huko Taveta.

Kisha kuna mbuga. Tsavo ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa mwaka wa 1948. Kati ya kilomita mraba zipatazo 17,000 za Kaunti ya Taita Taveta, takriban asilimia 62 ziko ndani ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Ukiondoa mbuga, ukaondoa mashamba ya mkonge na ranchi, watu 340,671 waliohesabiwa katika kaunti hiyo mwaka wa 2019 wanabaki wakigawana kipande chembamba. Voi yenyewe, mji mkubwa kuliko yote katika kaunti, imepakana na lango la mbuga. Mtoto hukua akiwaona ndovu kabla ya kuiona bahari iliyo mwendo wa saa chache tu.

Kwa hiyo si ajabu kwamba katika miaka ya 1990 mbunge wa Taveta alikuwa Basil Criticos, mwenye mashamba makubwa ya mkonge. Maskwota walimchagua mwenye shamba. Mgeni anaweza kucheka, lakini mantiki ilikuwa ile ile: anayeshikilia ardhi ndiye awezaye kuiachilia. Uchaguzi wa Dkt Shaban mwaka wa 2002 ulikuwa na uzito wa pekee kwa sababu mara hii aliyetumwa alikuwa binti wa nyumbani asiye na shamba la mkonge, na tena mwanamke.

Bahati ilimwendea mapema kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka wa 2003 Bunge lilipitisha sheria ya Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge, CDF, iliyotenga asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Robo tatu ya fedha hizo ziligawanywa sawa kwa kila eneobunge, na robo iliyosalia kwa kutazama umaskini. Mbunge wa upinzani kutoka pembe ya nchi, ambaye zamani angeomba darasa moja kwa miaka mitano bila kujibiwa, sasa alikuwa na fungu lake sawa na la mbunge wa chama tawala. Madarasa, zahanati na mabomba ya maji vikaanza kuwa sifa ya mbunge. Aliyejua kutumia hazina hiyo alidumu. Aliyeshindwa kuisimamia aliondolewa. Taveta ilimrudisha wake.

Mwaka wa 2007 ulikuwa mtihani mgumu zaidi. ODM ya Raila Odinga ilizoa kura za Pwani. Voi ikamchagua Danson Mwazo, Wundanyi ikamchagua Thomas Mwadeghu na Mwatate ikamchagua Calist Mwatela, wote wa ODM. Mganga, Mghanga na Madoka wakaenda nyumbani siku moja. Dkt Shaban, akiwa bado KANU, chama kilichokuwa kikimuunga mkono Rais Kibaki, alisalia peke yake.

Kusalia huko kulimletea cheo. Serikali ya mseto ilipoundwa Aprili 2008, baraza la mawaziri lilikuwa na mawaziri 40, na Dkt Shaban akateuliwa Waziri wa Mipango Maalum. Hii haikuwa wizara ya kupiga picha na kukata utepe. Machafuko ya baada ya uchaguzi yalikuwa yameua watu zaidi ya 1,100 na kuwatoa makwao zaidi ya 600,000. Mezani kwake zilirundikwa kambi za wakimbizi wa ndani kutoka Eldoret hadi Naivasha, na mwezi uliofuata serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Kila familia iliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na wale waliochomewa nyumba shilingi 25,000 zaidi za kujengea. Malalamiko yalikuwa mengi: kuna waliodai hawakulipwa, kuna waliolazimishwa kurudi kabla ya kuwa na amani, na kuna waliojiorodhesha bila kuwa wakimbizi. Waziri alisimama bungeni mara kwa mara kujibu.

Hapa ndipo penye kitendawili kikubwa cha maisha yake ya kisiasa, ambacho nadhani hakijatazamwa vya kutosha. Waziri aliyekabidhiwa jukumu la kuwatafutia ardhi watu waliofurushwa katika Bonde la Ufa alitoka katika eneobunge lenye maskwota wa vizazi vitatu. Mkimbizi wa 2008 alikuwa na wizara, bajeti, orodha na kamera za televisheni. Skwota wa Taveta, ambaye babu yake aliondoshwa ili mkonge upandwe, hakuwa katika orodha yoyote, kwa kuwa aliyemfurusha hakuwa jirani mwenye panga bali hati yenye muhuri. Serikali ilitenga fedha za kununulia mashamba ya kuwapa waliofurushwa kwa moto. Kwa waliofurushwa kwa kalamu, jibu lilikuwa kwamba suala lao linashughulikiwa na wizara ya ardhi.

Sisemi kwamba Dkt Shaban hakujali. Waziri katika serikali ya mseto hakuwa na uwezo wa kuamuru ununuzi wa shamba nyumbani kwake, na lau angejaribu angeshtakiwa kwa upendeleo kabla ya jua kutua. Lakini wapigakura wake walikuwa wamefundishwa, kwa miaka mingi, kwamba kinachokosekana ni mtu wao katika meza ya baraza la mawaziri. Sasa mtu wao alikuwa mezani. Mwenye kiti alipatikana, na shamba halikupatikana.

Baadaye alihamishiwa Wizara ya Jinsia, Watoto na Maendeleo ya Jamii, iliyosimamia mpango wa kuwapa fedha walezi wa mayatima na wazee. Mpango huo ulianza kwa watu wachache na ukapanuka hadi kuwa miongoni mwa misaada ya serikali inayofika vijijini kweli kweli. Ni sehemu ya kazi yake isiyotajwa sana, labda kwa sababu fedha zinazofika kimya hazina jiwe la msingi la kuwekewa jina.

Katiba mpya ya 2010 ilibadilisha kila kitu. Mawaziri hawangekuwa tena wabunge. Magavana waliingia. Ilimlazimu kila mwanasiasa kuchagua, na Dkt Shaban alichagua kubaki bungeni. Alimfuata Uhuru Kenyatta, aliyekuwa mgombea urais wa KANU mwaka wa 2002, katika chama kipya cha TNA, akashinda 2013. Alikuwa miongoni mwa wanawake 16 pekee waliochaguliwa moja kwa moja katika maeneobunge 290 ya nchi nzima. Mrengo wa Jubilee ulimfanya naibu wa kiongozi wa wengi, Aden Duale. Mwaka wa 2017 alirudi kwa tiketi ya Jubilee, safari hii wanawake wakiwa 23, na akahudumu kama kamishna wa Tume ya Huduma za Bunge.

Jirani yake wa Voi alipita njia tofauti. Danson Mwazo alipanda kwa kasi, akawa Waziri wa Utalii mwaka wa 2012, kisha seneta wa kwanza wa kaunti mwaka wa 2013. Kiti cha Voi akakiachia Jones Mlolwa, aliyekaa vipindi viwili. Kwa mji ulio kwenye lango la Tsavo, kuwa na mwenyeji katika wizara ya utalii kulionekana kama jibu la maombi. Miezi michache hiyo haikutosha hata kuanzisha mjadala wa maana kuhusu sehemu gani ya mapato ya mbuga inapaswa kubaki katika kaunti. Madai hayo yamekuwa yakirudiwa na kila kiongozi wa Taita Taveta tangu wakati huo, sambamba na mizozo ya mpaka kule Mackinnon Road na Mtito Andei.

Bunge la 2013 lilifanya jambo moja lililowagusa wakazi wa Taveta, Mwatate na Voi moja kwa moja. Sheria ya wanyamapori iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka huo ilipandisha fidia ya mtu aliyeuawa na mnyama hadi shilingi milioni 5, ya aliyelemazwa kabisa hadi milioni 3, na ya majeraha mengine hadi milioni 2. Kabla ya hapo fidia ya maisha ya binadamu ilikuwa shilingi 200,000. Kwa familia zilizo kando ya Ziwa Jipe, ambako ndovu huingia mashambani na viboko hupanda malisho usiku, sheria hiyo ilikuwa na maana kuliko hotuba kumi. Ila sheria ni kitu kimoja na malipo ni kingine. Madai yalirundikana, Hazina ikachelewesha fedha, na mjane akaambiwa arudi mwezi ujao.

Upande huo huo wa wengi, ambao Dkt Shaban alikuwa naibu kiongozi wake, uliudhamini mswada wa thuluthi mbili wa jinsia. Mswada ulihitaji kura 233. Mwaka wa 2016 ulishindwa mara mbili, ukapata 178 kisha 195. Ulipofufuliwa 2019, wabunge hawakufika hata wa kutosha kupiga kura. Kwa mwanamke aliyeshinda mara nne bila kubebwa na sheria yoyote ya usawa, huenda somo lilikuwa chungu: wenzake wa kiume walimheshimu yeye, ila hawakuwa tayari kuwafungulia mlango wa pili wengine.

Kisha barabara. Mwaka wa 2013 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za barabara ya Arusha, Holili, Taveta hadi Voi, mradi wa pamoja wa Kenya na Tanzania. Kituo cha pamoja cha forodha cha Taveta na Holili kilizinduliwa 2016, na kabla ya muongo huo kuisha lami ilikuwa imeunganisha Mwatate na Taveta. Soko la Taveta, linalofurika Jumatano na Jumamosi kwa wanunuzi wa ndizi, nyanya na vitunguu, likawa karibu zaidi na Mombasa. Je, sifa ni za mbunge? Wafuasi wake husema ndiyo. Wapinzani hujibu kwamba barabara hiyo ilipangwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki na ingejengwa hata kama Taveta ingewakilishwa na jiwe. Ukweli uko mahali fulani katikati. Miradi mingi ya kikanda imekaa kwenye makabati ya Nairobi kwa miaka, na mwakilishi aliye katika uongozi wa Bunge husaidia ile yake isisahaulike.

Basi kilichotokea Agosti 2022 ni nini? Kiti kilimwendea John Bwire wa Wiper. Sababu zilikuwa kadhaa. Jubilee, chombo kilichomvusha 2017, kilikuwa kimepasuka katikati, Rais Kenyatta akimuunga mkono Bw Odinga na naibu wake William Ruto akitoka na wabunge wengi. Wiper ina wafuasi wake Taveta, ambako Wakamba wameishi na wenyeji kwa miaka mingi. Ugatuzi nao ulikuwa umeondoa zahanati, maji na masoko mikononi mwa mbunge na kuyaweka kwa gavana. Wapigakura wa kaunti hiyo, ambao hawajawahi kumpa gavana muhula wa pili, mwaka huo huo walimchagua Andrew Mwadime, aliyekuwa mbunge wa Mwatate, akiwa mgombea huru asiye na chama chochote.

Lakini sababu iliyo chini ya zote, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni kwamba mkataba wa kale kati ya Taveta na Nairobi ulikuwa umekwisha nguvu. Kwa miaka 20 Taveta ilikaa upande wa Uhuru Kenyatta: KANU, TNA, kisha Jubilee. Kwa miaka kumi kati ya hiyo mtu huyo alikuwa Ikulu. Ikiwa kuna wakati ambapo ukaribu na mamlaka ungefumbua fundo la ardhi ya Taveta, ulikuwa huo. Kijana aliyezaliwa 2002 alipiga kura yake ya kwanza 2022 akiwa bado anaishi kwenye kipande ambacho wazazi wake hawana hatimiliki yake. Hakuwa na sababu ya kuogopa kuukosa ukaribu ambao haukumpa kitu.

Bw Bwire alirithi ofisi, hazina ya eneobunge na faili ile ile. Tofauti ni kwamba yeye hana barabara ya kuahidi. Mto Lumi ukifurika, mashamba ya chini bado huzama. Ziwa Jipe bado linamezwa na magugu. Na basi linapopita juu ya lami mpya, konda bado huwashusha baadhi ya abiria kando ya safu ndefu za mkonge, nao huingia kwa miguu kwenye vijia vya katikati ya mashamba yasiyo yao kuelekea nyumbani.